Soketi ya Jikoni

"Washa, dada," mkaguzi wa shirika la nyumba alimwambia binti yangu, fundi wao alipomaliza kufunga nyaya mpya.

Nikasimama mbele ya swichi kuu. "Hawashi mtu hapa."

"Mzee, fundi wetu ana cheti."

"Hata aliyefunga soketi iliyomuua mke wangu alikuwa nacho. Mkaja, mkatoa pole, mkaondoka."

Nikapima kwa testa, umeme haupo, nikafungua soketi ya jikoni. Fundi wao alikuwa amemenya nyaya kwa kisu, kwa kuzungusha kama anamenya chungwa. Kwenye shaba ya waya wa kijani, ule wa kupeleka umeme ardhini, palikuwa na mkato mwembamba kama unywele. Nikaukunja mara moja, mara mbili. Ukanikatikia mkononi.

Mkaguzi akakohoa. "Hiyo bahati mbaya tu."

Nikaumenya upya kwa koleo la kumenyea, urefu wa kucha ya dole gumba, nikaukunja ncha, nikauingiza mpaka shaba isionekane nje, nikakaza skrubu. Nikauvuta kwa nguvu. Haukutoka.

"Sasa vuta wewe, bwana mkubwa."

Binti yangu hakumngojea. Alishanisogezea kigoda mbele ya soketi ya pili.