Hati ya Gita la Mzee Mkude

Siku hizi gita la mwanamuziki maarufu ni la yule ambaye jasho lake limo ndani yake. Karatasi na mashahidi havina kazi tena. Kwa hiyo Lugano, afisa wa kusaka magita, alipofika Morogoro kwa Bi Mwantumu, hakudai risiti. Alipitisha kipimo cha jasho juu ya gita la pedali, lile la kulazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma, ambalo marehemu Mzee Mkude, mume wa bibi huyo, aliwaliza nalo watu miaka thelathini.

Kipimo kilisoma, kikasoma tena.

“Mama, hili gita unalifanyaje?”

“Nalitunza, mwanangu. Kila Ijumaa nalipangusa kwa mafuta ya nazi, nyuzi hadi pedali. Mwaka wa kumi na mbili huu, vumbi halijalala hapo.”

Lugano aliinamisha kichwa. “Jasho lililomo ni lako peke yako, mama. Gita ni lako.”

“Na la mume wangu?”

“Umelipangusa lote,” alisema Lugano, akamkabidhi hati. Bi Mwantumu aliisoma kwa kidole. Mmiliki: Mwantumu Kunambi. Mpigaji: hajawahi kuwepo.

Ijumaa ilipofika alishika kitambaa, akakirudisha. Vumbi likaanza kulala.