Ukungu Kwenye Glasi za Jasminka

Jasminka aliinua glasi dirishani, akashindwa kuuona mnara wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara.

"Hii imetoka kuoshwa, au imetoka kuvuta sigara?"

"Imeoshwa," alijibu mama mkwe wake, Rosanda, akiendelea kumenya pilipili za kuchoma. "Mashine nzuri sana hiyo. Hata hainipigii kelele."

Predrag, mwanawe Rosanda na mume wa Jasminka, alitunisha kifua. Mashine ya kuoshea vyombo aliifunga mwenyewe, akakataa kabisa kuita fundi. Siku ile ya kwanza walirudi kutoka kazini wakakuta vyombo vimeshaoshwa, naye akajimiminia rakija, pombe kali ya matunda, kujipongeza. Miezi minne baadaye majirani walikuwa bado wanasimuliwa.

Kila asubuhi Jasminka alipanga vyombo ndani, akaweka kidonge cha sabuni, akakimbilia benki. Kubonyeza kitufe ilikuwa kazi ya Rosanda, na hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Jioni kila kitu kilikuwa kabatini: glasi zina ukungu, sahani zimeota mapengo.

"Ni maji ya mji huu, magumu mno," Predrag alisema, akaongeza chumvi ya mashine ya kulainisha maji. Ukungu ukabaki. Akatia dawa ya kung'arisha. Ukungu ukabaki. Jasminka akaziachanisha sahani zisigongane. Ijumaa ikameguka nyingine, tena ya seti aliyoachiwa na bibi yake.

"Zimebaki saba!" alisema. "Wiki ijayo ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wenu. Wageni ishirini wale viganjani? Mashine inarudi dukani. Na wewe, Predrag, ufundi uwaachie mafundi."

Masikio ya Predrag yakawa mekundu. Rosanda akaweka kisu chini.

"Mwanangu kaifunga vizuri. Mwache."

Kesho yake fundi alikuja, mzee mnene aitwaye Tihomir. Akafungua mashine, akanusa.

"Chumvi imejaa. Dawa imejaa. Chujio halina hata chembe ya mkate. Kwani nyie mnakula nini humu ndani?"

"Tunakula kama watu!" Jasminka akajibu.

Tihomir akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na tochi chini ya sinki.

"Fundi, kahawa kwanza," Rosanda akamwita. "Huko chini kuna vumbi."

"Nakuja, mama."

"Itapoa."

"Nimezoea ya baridi."

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, alikuwa ameshika mpira wa maji, na kwenye ncha ya mpira huo bado kuna kifuniko cha plastiki cha kiwandani.

"Nani aliifunga?"

"Mimi," Predrag akasema, mikono kifuani.

Tihomir alimtazama kwa huruma.

"Kijana, uliunganisha mpira wa kutoa maji tu. Wa kuingiza hukuugusa. Tangu izaliwe, mashine hii haijaonja hata tone."

Taratibu, wote watatu wakamgeukia Rosanda. Alikuwa ameificha ndani ya aproni mikono yake, myekundu, iliyochanika kwa sabuni.

"Ni haya macho tu ndiyo yameniangusha," alisema. "Ningekuwa na miwani, msingejua maisha."