Mteja wa Mlango wa Kijani

"Viatu vya kamba," mzee alirudia, "ni vya mtu asiyetaka kuuza."

Binti akamjibu kwamba miguu ni yake, na kwamba tangu asubuhi wameuza chupa za chai, visu na vichujio bila mteja hata mmoja kuuliza habari za kamba. Mzee hakukubali. Alikuwa ametembeza vyombo katika mitaa hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na viatu vyake vilikuwa vya kutumbukiza mguu tu. Mteja akisema karibu, wewe uwe umeshaingia. Ukiinama kufungua kamba, mwenzako huku juu anabadili mawazo.

Walibishana hivyo mtaa mzima, wakipokezana sanduku. Lilikuwa la ngozi, mali ya mzee mwenyewe, kona zimechubuka na mpini umezungushiwa kitambaa. Ofisi ilikuwa imemwajiri binti ashike nafasi ya mzee, ikampa koti jipya na kumwambia mzee akapumzike. Mzee akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena, mpaka wakubwa wakampa sharti: amzungushe binti siku moja, kisha amjaribu kwenye mlango atakaouchagua mwenyewe. Binti akiuza chochote hapo, mitaa ni yake. Akishindwa, mzee anaendelea na kazi.

Mlango mzee aliuchagua kabla hawajatoka ofisini.

Hata hivyo alimfundisha kwa moyo mweupe, maana kazi aliipenda kuliko alivyomwogopa binti. Nyumba moja, mama mwenye nyumba alivipuuza vyombo vyote, akakisifia kitambaa cha kuvifutia. Binti akasema hicho hakiuzwi. Mzee akamkanyaga mguu, na kitambaa kikauzwa.

"Mteja akitaja kitu," alimwambia walipotoka, "usimwambie hakiuzwi. Mwambie bei."

Mchana ulipopoa walifika karibu na nyumba yenye mlango wa kijani. Mzee akajibanza nyuma ya ukuta wa jirani, anatabasamu kama paka aliyekuta sufuria haina mfuniko.

"Nenda peke yako. Mimi akiniona tu, kazi imeharibika. Mama huyu ana chupa za chai mpaka uvunguni. Ameapa chombo chetu kingine hakivuki kizingiti chake."

"Wewe umewahi kumuuzia?"

"Hata kijiko. Na hakuna mlango niliogonga zaidi ya huo."

Binti akabeba sanduku, akaenda. Mbwa wa nyumba ile alimpita bila kumnusa, akaja moja kwa moja hadi ukutani na kujilaza miguuni pa mzee. Mzee akamfukuza kwa mkono. Mbwa akatikisa mkia, asiondoke.

Sauti ya mwanamke ikasikika ikisema hataki, hataki kabisa. Mzee akaanza kupanga kesho aanzie mtaa gani. Kisha pakawa kimya. Kisha akasikia wanawake wawili wakicheka, kicheko cha watu walioelewana, na mipango ya kesho ikamponyoka.

Binti alitoka na furushi la shuka kuukuu. Akaliweka chini, akainama kufunga kamba za viatu vyake, taratibu, bila haraka yoyote.

"Sanduku liko wapi?" mzee aliuliza.

"Nimeliuza."

"Sanduku langu?"

"Vyombo hakutaka hata kuvitazama, ndivyo hivi kwenye shuka. Alilitaka sanduku. Nikamwambia bei." Akajinyoosha. "Hakuomba hata kupunguziwa."

Mzee alitazama mikono yake, haikuwa na cha kushika. Mtembeza vyombo asiye na sanduku ni mzee tu aliyesimama barabarani. Akabandua beji yake kifuani, akaibandika kwenye koti jipya la binti, akahakikisha imekaa sawa.

"Nunua viatu vingine," alisema.

Mlango wa kijani ukafunguka.

"Baba watoto," mwanamke aliita, akizungusha kidoleni ufunguo wa kabati alimolifungia sanduku, "utajificha kwa majirani mpaka lini? Karibu ndani."

Viatu vilibaki kizingitini. Mzee alikuwa ameshaingia.