Mnyama wa Daktari Pyo

Bibi Malsun aliingia ofisi ya watafiti na viatu miguuni, na kisiwani Jeju mtu anayekanyaga sakafu ya watu na viatu hakuja kunywa chai. Begani alibeba kibao cha hifadhi, kile cha MARUFUKU KUZAMIA, nguzo yake ikidondosha udongo. Akakitua juu ya meza ya Daktari Pyo, katikati ya karatasi zake.

"Kibao chako hicho. Sasa nirudishie ghuba yangu."

Siku arobaini ghuba ilikuwa imefungwa. Miaka hamsini na saba alikuwa akizamia pale, bila mtungi wa hewa, kwa kifua chake tu, akirudi na pweza na konokono wa bahari. Ghuba hiyo ndiyo iliyomzikia mume na kumsomeshea watoto watatu. Sasa alikuwa akipalilia vitunguu saumu shambani kwa shemeji yake, mtu ambaye hata shukrani huitoa kwa kupima.

Daktari Pyo alikuwa kijana wa Seoul, mpole wa sura, lakini siku hiyo naye alikuwa na hasira zake. Akasema kibao ni mali ya serikali. Akasema tena kwamba kesho anapeleka barua ghuba ifungwe moja kwa moja, maana wanawake wa kijiji wamemuulia mnyama wake.

"Mnyama gani? Kama ni pomboo, mwanangu, sisi tukikutana nao tunawaambia 'piteni chini', nao wanapita chini. Wewe wamewahi kukuitikia hata salamu?"

Si pomboo, akasema Daktari. Ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Kinasa sauti alichokifunga kwenye boya kilikisikia majira yote ya kuchipua: kinazama kama dakika moja na nusu, kinaibuka, kinaita mara moja tu, kinazama tena. Asubuhi peke yake, tena bahari ikiwa imetulia. Ndiyo maana aliomba ghuba ifungwe, wazamiaji wasikisumbue.

"Na tangu tufunge, bibi, kimya. Hata siku moja hakijaita. Mmekifanya nini?"

Bibi Malsun akamuuliza kama kuna asubuhi hata moja aliyokwenda mwenyewe kuangalia. Daktari akainamia karatasi zake. Mashua humtapisha, akasema kwa sauti ndogo. Yeye hufanya kazi kwa masikio.

"Basi hebu nimsikie huyo marehemu wako."

Daktari akabonyeza kitufe. Maji yakachapa boya, halafu ikaja sauti: nyembamba, ndefu, ya kupanda, ikakatikia mwishoni kama uzi. Daktari alifumba macho. Akasema maishani mwake hajasikia upweke kama ule.

Bibi Malsun alijitupa kitini, hasira ikimpanda hadi kwenye ncha za masikio. Siku arobaini za vitunguu saumu. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka, akaibana, kisha akaiachia kati ya meno kwa mluzi mwembamba, mrefu, kama anavyoiachia kila anapotoa kichwa majini.

Daktari Pyo akaruka hadi dirishani kutazama bahari.