Inywewe au Imwagwe

"Usitoke!" Anneth aliubana mlango kwa mgongo. "Nijibu kwanza."

Eustakia alikuwa amekumbatia kibuyu cha pombe ya ndizi, kanga mpya kichwani, jasho linamtoka utadhani kapanda mlima na mzigo. Uani, wageni kutoka Rusumo walikuwa wamekaa, koo zimewakauka. Pombe wameileta wenyewe, lakini nani aiguse? Mji ule una desturi yake. Anayeposwa hutoka na kibuyu mbele za watu. Akimkabidhi mwenye mji, amekubali, inanywewa. Akiimwaga chini, wageni wanarudi walikotoka.

Na mwenye mji ni Danstan. Danstan na hasira zake! Tangu Pasaka alikuwa amempiga Eustakia marufuku kukanyaga Rusumo. "Kanazi nzima itatucheka!" Asubuhi wimbo huo, mchana huo huo. Mwishowe akasema basi, aulizwe hadharani, yaishe.

"Nikujibu nini, mwalimu?" Eustakia alinong'ona. Anneth, mdogo wake Danstan, alifundisha Kiingereza sekondari, na nyumbani wote walishazoea kumwita hivyo.

"Kuna neno linanisumbua darasani. *Willing*. Nikiuliza maana yake, wote wanaandika 'tayari'. Nawapa kosa."

"Kwani siyo tayari?"

"Chai iko tayari. Ina moyo, chai? Mbuzi wa Krismasi naye yuko tayari, kashafungwa kamba pale. Lakini muulize kama yuko *willing*! Hilo ni la mtu ambaye hajavutwa na yeyote, moyo wake mwenyewe umeelekea kule. Sasa wewe tayari uko, kanga naiona. Mimi nauliza hilo lingine."

Eustakia alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Maana nje ya dirisha jirani yao Kankindi alikuwa hajui kunong'ona.

"Jamani, bwana harusi mmemwona? Mvi tupu! Anakohoa kama lori linapanda mlima!"

Wanawake wakaangua kicheko. Leonidasi, dereva wa malori aliyestaafu, alisikia kila neno. Akaishika kofia yake magotini, macho chini.

"Umesikia?" Anneth akasogea karibu. "Kama hutaki, imwage. Mimi nitasimama na wewe. Siku hizi halazimishwi mtu."

"Na Danstan?"

"Danstan niachie mimi."

Eustakia akafungua mdomo ajibu.

"Anatoka au hatoki?" Sauti ya Danstan ikaupasua ua.

Anneth akaachia mlango.

Hata Kankindi alinyamaza. Eustakia alitembea katikati ya watu, pombe ikaruka kidogo ikadondoka vumbini. Watu wakaguna. Amemwaga? Faustini, mshenga wa Leonidasi, akanyanyuka nusu.

"Imeteleza tu, jamani, imeteleza," alisema haraka. "Sisi tuna kiu, tuvumilieni."

Hakuna aliyecheka. Eustakia akafika mbele ya kiti cha Danstan, akakunja goti, kama wanavyofanya wote wanaoposwa pale.

Danstan akaruka kitini kama kakalia kaa la moto.

"Hapana! Usithubutu kunipigia magoti!"

Faustini alianza kuokota mkongojo wake. Leonidasi akavaa kofia. Kwao, mambo yalishaharibika.

"Simama," Danstan akasema, mishipa ya shingo imemtoka. "Sema watu wasikie. Inywewe au imwagwe?"

Eustakia akasimama, akamtazama usoni.

"Hakuna aliyenivuta, Danstan. Moyo wangu ulishafika Rusumo siku nyingi. Miguu tu ndiyo ilikuwa inakuogopa wewe."

Akamnyooshea kibuyu.

Danstan hakukipokea. Alikitazama tu, taya linacheza, mpaka Anneth akapiga hatua kuja kati yao. Ndipo mikono miwili ikanyanyuka, ikakipokea. Akanywa funda moja, akajifuta mdomo, akampelekea Leonidasi mwenyewe pale alipokaa.

"Kunywa, mzee. Ila nikisikia amelia huko kwako, hata siku moja, nakuja kumchukua," alisema. "Mama yangu ni huyu huyu mmoja."