Kikao Bila Vyeo

Mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi pale mtaani Bugolobi, kanali mstaafu, alivua kofia akaiweka mezani. Alisema kuanzia leo ofisi haina vyeo. Kila asubuhi watasimama pamoja, na kila mtu ataeleza kinachomkwamisha.

"Aciro, tuanze na wewe."

Aciro, msimamizi wa walinzi wa mtaa wa Kamwokya, aligusa redio kiunoni. Betri yake ilishikiliwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Redio za walinzi wake zilikuwa mbovu zaidi. Tangu juzi hazisikiki.

Aliwatazama wasimamizi wenzake, askari wa zamani karibu wote. Walisimama wima, mikono imebanwa mapajani, macho mbele. Hakuna aliyewaamrisha.

"Hakuna shida, afande."

"Hakuna shida, afande," akasema wa pili, na wa tatu, hadi mwisho wa mstari.

Mkurugenzi alitabasamu. "Mnaona? Mfumo unafanya kazi. Aciro, hebu waite kwa redio vijana wako wa Kamwokya, na wao wasikie."

Aciro akabonyeza kitufe, akaita. Redio ikakoroma tu.

Akaita tena. Katika mstari hakuna aliyegeuza shingo.