Matairi ya Mzee Shelukindo

Mgeni aliingia bila hodi dukani kwa Namkunda, theluji imemjaa mabegani.

"Mama, gari langu kuukuu linateleza kama sabuni. Nifungie yale matairi manne ya theluji, nishuke bondeni kabla njia haijafungwa kwa majira yote ya baridi."

Namkunda alishtuka. Bondeni alikuwa na mjukuu ambaye hajamwona bado.

"Twende wote basi!" mgeni alisema alipoambiwa habari za mjukuu.

Namkunda alipapasa mikato ya tairi kama anayeshika vidole vya mtoto.

"Haya nimemwahidi Mzee Shelukindo. Kesho anampandisha mkewe hospitali ya mlimani."

"Hii si ni mipira tu, mama!"

"Mipira tu, baba. Ila ndiyo inayomlaza mzee usingizi."

Akafungua mlango, akaviringisha tairi la kwanza kuelekea kwa mzee. Nyuma yake, kwenye theluji, alisikia la pili likija, likisukumwa na mgeni.